Meli ya Kwenda kwa Bibi

Daktari wa moyo alituambia kwa sauti ya chini, huku picha za vipimo zikiwa mkononi mwake bila kuzitazama. Alisema mishipa inayopeleka damu kwenye mapafu ya mtoto wetu ni myembamba mno, na kwamba wenzake wa Dar es Salaam, ambao aliwatumia picha zile, wamesema kama yeye: hakuna upasuaji utakaosaidia. Mume wangu aliuliza kama mishipa hiyo ingepanuka mtoto akikua. Daktari akasema hapana. Mtoto alikuwa mapajani mwangu akivutavuta zipu ya mkoba wangu. Alikuwa amevuka mwaka mmoja na nusu, lakini watu walipomwona walidhani ndiyo kwanza anajifunza kukaa.

Tulikuwa tunaishi Pasiansi, nyumba ya kupanga, na kutoka mlangoni ungeweza kuona kipande cha ziwa kati ya paa mbili. Mume wangu alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha samaki, mimi nafundisha shule ya msingi. Dada yake huyu mtoto alikuwa bado hajaanza shule. Tuliporudi kutoka hospitali, siku zikapita tukizungumza mambo ya maji na mkaa tu. Mume wangu alikuwa akirudi kutoka kazini anamchukua mtoto, anakaa naye kwenye kizingiti mpaka giza liingie, na mimi napika.

Jioni moja alisema, bila kugeuka, "Nataka tupande meli. Sote wanne, kama watu wanaokwenda likizo."

Nilielewa kwa nini meli. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, na kitu pekee anachokikumbuka juu yake ni safari moja ya kutoka Bukoba kuja Mwanza, amebebwa mabegani, baba anamwonyesha visiwa. Hakumbuki sura. Anakumbuka masikio ya baba aliyokuwa ameyashikilia. Aliniambia hivyo tulipokuwa wachumba. Tena mama yake, ambaye yuko kijijini nje kidogo ya Bukoba, alikuwa hajamwona mjukuu wake wa kiume hata mara moja, kwa kuwa kila tulipopanga kwenda mtoto alilazwa.

Nilikwenda Kisesa kumwambia mama yangu. Alikasirika. Mdogo wake alikwenda kuvua akiwa kijana na hakurudi, na tangu hapo mama hakuwahi kukanyaga hata kivuko cha Kamanga. Alisema mtoto wa namna ile anakaa karibu na hospitali, hapelekwi kutembezwa majini. Nikamwambia hospitali imeshamaliza naye. Alinitazama, kisha akatoka nje kufukuza kuku waliokuwa hawajafanya lolote. Aliporudi alinifungashia unga wa uji.

Meli ilikuwa iondoke saa tatu usiku, lakini tuliingia mapema kwa kuhofia msongamano. Hata hivyo palikuwa pameshajaa. Watu walipanda na magodoro, mabati, makreti ya soda, redio, na kila mtu alitaka kupita kwanza. Mume wangu alibeba mizigo na kumshika binti mkono. Mimi nilimfunga mdogo kifuani badala ya mgongoni, ili niuone uso wake. Chumba tulichopewa kilikuwa chini, vitanda vinne vya juu na chini, joto tupu. Kitanda kimoja alikuwa amekichukua mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge. Tulisalimiana. Aliuliza mtoto ana nini mbona anahema hivyo. Nikasema mafua.

Mara honi ya meli ikapigwa, labda ya kujaribu tu. Mtoto alishtuka akaanza kulia, na kulia ndiko tulikokuwa tunakuogopa kuliko kitu chochote. Akilia sana midomo yake hugeuka rangi ya zambarau, halafu kucha, halafu sauti inakatika mdomo ukiwa wazi. Ndivyo ilivyokuwa. Mume wangu alimchukua, akamlaza mkononi na kumkunja magoti mpaka yakagusa kifua, kama tulivyofundishwa na manesi, akawa anampuliza usoni polepole. Binti yetu alikwenda mwenyewe kusimama pembeni, uso ukutani. Alikuwa ameshajua kwamba wakati kama ule hatakiwi kuomba kitu.

Mtoto alipoanza kuvuta pumzi tena niliona kitanda cha yule mama wa vitenge kiko wazi. Alikuwa ametoka. Alirudi akiwa nyuma ya afisa wa meli, mtu mzima mwenye shati jeupe.

Afisa alimtazama mtoto, akasema kwa upole kwamba ndani ya meli hakuna daktari, na kwamba tukishatoka hakuna pa kusimama mpaka asubuhi. Alitushauri tushuke. Angetutafutia vijana wa kutusaidia mizigo.

"Huyu mtoto mnampeleka hospitali gani?" aliuliza.

"Hatumpeleki hospitali," mume wangu akasema. "Wamemaliza. Tunampeleka aone ziwa, halafu aonwe na bibi yake."

Binti yetu alikuwa bado ametazama ukuta. Mwishowe afisa alisema kule juu kuna chumba cha mfanyakazi aliyekwenda likizo, kina dirisha, tuhamie huko, na mtoto akibadilika tumwite. Yule mama wa vitenge ndiye aliyenyanyua begi letu kubwa. Njiani, kwenye ngazi, aliniambia bila kunitazama kwamba mwaka fulani alisafiri kwenye basi na mama aliyefiwa na mtoto njiani, akakaa naye siti moja mpaka mwisho wa safari, na kwamba asingeweza tena. Nikamwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli.

Meli ilipong'oa nanga tulitoka sitahani. Mume wangu alimweka binti mabegani, akamwambia atazame taa za mji zinavyopanda mlimani, atazame mawe, atazame jinsi nchi kavu inavyorudi nyuma. Alizungumza sana, yeye ambaye si mzungumzaji. Alikuwa anataka mambo yale yaingie akilini. Lakini upepo ulikuwa umeanza na meli ilikuwa inayumba kidogo, na binti yetu, ambaye alikula samaki wa kukaanga pale bandarini, alimtapikia baba yake kichwani. Mdogo alikuwa amelala. Baba yake alijaribu kumwamsha, akimgusa shavu, akimwambia tazama maji, mwanangu, tazama. Hakuamka. Mvua ikaanza tukaingia ndani. Niliosha shati la mume wangu kwenye ndoo, naye akakaa kifua wazi kwenye ukingo wa kitanda cha mtu tusiyemjua. Hivyo ndivyo likizo yetu ilivyoanza.

Kulipopambazuka mvua ilikuwa imekwisha. Mtoto aliamka akiwa ametulia, akanyonya, nikamtoa nje. Ziwa lilikuwa la kijivu, na mbali juu ya maji kulikuwa na mawingu ya wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi. Mfanyakazi mmoja alikuwa anasafisha sitaha. Anachota ndoo, anamwaga maji kwa nguvu, yanapiga chuma na kuruka. Mtoto aliona akacheka. Ndoo ya pili akacheka zaidi, mwili mzima. Yule mfanyakazi alipoona hivyo akawa anamwaga kwa mbwembwe, hata pale palipokuwa pameshatakata.

Nilianza kuona midomo ikibadilika. Kucheka nako kulikuwa kunamchosha, pumzi zinafupika, na hakuwa na akili ya kujua aache. Nilimgeuza uso nimwingize ndani.

"Mwache acheke," mume wangu akasema.

Nikamgeuza tena aione ndoo. Alicheka mpaka akachoka mwenyewe, akalaza kichwa begani kwangu akihema haraka haraka, na jasho la baridi shingoni.

Bukoba mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutupokea na shemeji yangu. Nilipiga magoti kumsalimia, akaninyanyua. Hakumbeba mtoto kwanza. Alimfunua, akatazama kucha za mikono, akatazama za miguu, akamfunika, ndipo akamchukua. Alimwambia mwanawe maneno kwa Kihaya ambayo sikuyaelewa. Usiku ule mume wangu aliniambia kwamba mama yake alikuwa anashukuru kuletewa mtoto akiwa hai.

Tulikaa kwake siku chache, nyumba iliyozungukwa na migomba mpaka dirishani. Binti alipona tumbo akawa anakimbia na binamu zake. Mume wangu alitengeneza waya za nyumba ya mama yake, ambazo hazikuwa na tatizo. Hali ya mtoto haikuwa mbaya kuliko kawaida, wala haikuwa nzuri. Alipenda kukaa kwa bibi yake, ambaye alikuwa akimsimulia mambo marefu kwa Kihaya kana kwamba anamjibu.

Asubuhi aliyofariki mtoto nilikuwa nimemnyonyesha vizuri. Nikampa bibi yake nikakaa nyuma ya nyumba kumenya ndizi na wifi yangu. Tulikuwa tunamsikia bibi anazungumza upande wa pili. Kisha akanyamaza. Wifi aliendelea kumenya, mimi nikaweka kisu chini. Nilipofika bibi alikuwa amemshika vile vile, mapajani, na mkono mmoja ameuweka juu ya kichwa chake. Hapakuwa na kilio wala zile pumzi za kukatika tulizokuwa tumejiandaa nazo. Mambo yote tuliyofundishwa hayakuhitajika.

Alizikwa kesho yake ndani ya shamba la migomba, pembeni ya babu yake. Ndani ya nyumba walitandaza nyasi, wanawake tukakaa chini. Mama yangu alipata habari akatoka Kisesa. Alivuka Kamanga kwa kivuko, akapanda basi kupitia Sengerema na Geita, akafika jua likizama, watu wameshatoka makaburini. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakusema neno lolote kuhusu meli, siku ile wala baadaye. Alikaa nasi siku za matanga, kisha akarudi kwa barabara kama alivyokuja.

Sisi tulirudi kwa meli, kwa sababu basi lingemtesa binti. Siku ya kuondoka, tukiwa tumeshavaa viatu, binti aliuliza nani atamfunga mdogo wake. Baba yake akamwambia mdogo amelala, atabaki kwa bibi.

Niliogopa lile neno, amelala. Niliona usiku mwingi mbele yetu, binti anakataa kulala.

"Mdogo wako amekufa," nikamwambia. "Hatarudi nyumbani. Wewe ukilala utaamka."

Mume wangu alitoka nje. Binti akauliza kama anaweza kuchukua kikombe cha mdogo wake, cha plastiki, chenye mfuniko. Nikampa.

Safari ile tulilala chumba cha kawaida. Meli ilikuwa imejaa mikungu ya ndizi, harufu yake mpaka kwenye ngazi. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Mume wangu alibaki sitahani, nami sikumfuata. Kwenye kitanda cha chini yangu kulikuwa na msichana wa miaka ishirini na kitu na kichanga chake cha kwanza, na kichanga kilipolia, maziwa yangu yakatoka. Sikuwa nimejiandaa. Yalilowesha blauzi mpaka kwenye sketi. Nilibana mikono kifuani, lakini kila kichanga kilipolia yalikuja tena.

Yule msichana aliona. Akauliza wangu nimemwacha na nani.

Nikamwambia kwa bibi yake.

Alisema nimefanya vizuri, maana kusafiri na mtoto mchanga ni taabu tupu. Akanipa kanga yake kavu nijifunge, akanionyesha jinsi ya kukaza kwa nyuma ili yapungue. Nilimshukuru. Aligeukia ukutani kumnyonyesha mwanawe, nami nikalala chali nikisikiliza kile kitoto kikimeza.

Mwanza tulifika asubuhi. Mume wangu alikwenda kazini siku ile ile. Alisema nyumbani hakuna cha kufanya. Niliondoa godoro dogo nikaliegesha nyuma ya kabati. Binti alinywea maji katika kile kikombe kwa muda, halafu akakisahau uani. Siku hizi yuko darasa la pili. Nikimwuliza kuhusu meli anakumbuka kutapika. Kuhusu mdogo wake anasema anamkumbuka, lakini nadhani anasema ili kunifurahisha.

Maziwa yalichukua muda mrefu kukauka. Niliporudi shuleni nilivaa sweta zito juu ya gauni ili yasionekane, na ulikuwa wakati wa jua kali. Watoto wa darasa langu walinitazama ninavyotoka jasho ubaoni. Mmoja akanyoosha mkono, akauliza kama mwalimu anaumwa. Nikamwambia siumwi, afungue kitabu asome kwa sauti, na wengine wamfuate.