Dirisha Lisilokuwemo Kitabuni

Siku za kazi alikagua lifti za maghorofa. Jumamosi alasiri alikagua vijitabu vya mchezo wa mezani. Ndiyo, mchezo, na ni watu wazima na akili zao. Kila mmoja anashika mhusika wake, mwizi au mchawi, na msimamizi anafungua kijitabu na kuwaeleza wanachokiona: pango, mlango, zimwi. Wakitaka kufanya jambo gumu, dadu ndiyo inayoamua. Yeye alihukumu vya wanaoanza tu, ambavyo wahusika wake bado wachanga, panya akiwang'ata wamekwisha. Hukumu zake zilichapishwa kwenye jarida la wachezaji, na wenye maduka hawakuagiza kijitabu kabla ya kuzisoma.

Walimwita Mkaguzi, na sharti lake lilikuwa moja: kijitabu kichezwe kama kilivyoandikwa. Kikikwama, kikwame. "Lifti mbovu huisukumi kwa mkono halafu ukaipigia muhuri," alisema. Kuna mwandishi aliwahi kulia mbele yake. Alimpa leso, na hukumu ikabaki vilevile. Hana simile huyu mama.

Sasa mdogo wake, mpaka rangi wa nyumba mwenye miaka thelathini na ushee, alitumia miaka miwili kuandika kijitabu chake cha kwanza. Akakileta, akaketi pembeni aangalie. Mama mkwe wa Mkaguzi alikuwa mwizi. Kinyozi wa jirani alikuwa mchawi. Mkaguzi mwenyewe alisimamia.

Chumba cha kwanza: stoo ya chini yenye mapipa, mlango mmoja, umefungwa. Mwizi arushe dadu ya pande ishirini, apate kumi na tano au zaidi, mara moja tu. Mama mkwe akarusha, akapata tatu. Mkaguzi akageuza kurasa kutafuta njia nyingine. Wapi! Kazi yote ya mdogo wake ilikuwa nyuma ya mlango ule. Akamtupia jicho; jamaa alikuwa anajiuma kucha. Damu nzito kuliko maji.

"Juu ya mapipa," akasoma bila kupepesa macho, "kuna kidirisha."

Wakapita. Wakacheza kwa saa tatu, wakacheka mpaka mama mkwe akavua miwani afute machozi.

"Mwanangu, umeandika," akamwambia mpaka rangi. "Lakini lile dirisha ndilo lililonimaliza. Mwizi mzima nimekwama kiuno."

"Dirisha lile ndio utamu wenyewe," kinyozi akaunga mkono.

Mdogo mtu hakucheka. Alivuta kijitabu chake, akafungua ukurasa wa kwanza, akausoma, akaurudia.

Wageni walipoondoka akauliza, "Dada, yule aliyelia, ulimwekea dirisha?"

"Hapana."

"Basi yeye ulimsoma. Mimi hujanisoma."

Mkaguzi aliona haya kama aliyefumaniwa akipiga muhuri bila kuipanda lifti. Akachukua kalamu, akaandika palepale mezani: "Kijitabu hiki kinakwama chumba cha kwanza. Wanaoanza wasikinunue bado. Dirisha waliloliona wachezaji wangu nililiweka mimi, na nilikosea."

Akampa asome. Mdogo wake alisoma, machozi yakamlengalenga. Kisha akavuta kiti karibu, akaomba kalamu ileile.

"Dirisha lako silitaki," alisema. "Nyuma ya mapipa nitaweka mtaro upitao chini ya ukuta."

"Mama mkwe atapita?"

"Atatambaa."