Mguu wa Mwamvita

Kabla hajaumia, Mwamvita alikuwa akijulikana Kunduchi Mtongani nzima kwa jambo moja: ndiye mwanamke pekee aliyekuwa akiwapeleka wageni kisiwani Mbudya kuangalia samaki. Wanaume wa kazi hiyo walikuwa wengi. Wanawake wa ufukweni walikaanga samaki, walikodisha mikeka, walisuka nywele za Wazungu. Yeye aliruka kwenye boti na miwani ya kuzamia usoni, suruali ya kubana hadi kifundoni, fulana ya mikono mirefu, mtandio ameukaza chini ya kofia ya mpira, akaingia majini bila kurusha hata tone.

Mama yake, Bi Zubeda, aliichukia kazi hiyo.

"Mtoto wa kike, nguo imemganda mwilini, yuko na wanaume baharini kutwa. Nani atakuoa?"

"Nilishaolewa, mama. Umesahau?"

"Aliyekuoa alikuacha."

"Basi atakayenioa sasa ajue kuogelea," Mwamvita alijibu, na Bi Zubeda akacheka huku amekunja uso. Kusema kweli ni yeye mwenyewe aliyemtia binti yake majini. Mwamvita alipokuwa mdogo walitoka pamoja siku za bamvua, maji yakishatoka, kuchokoa pweza kwenye miamba. Maji yaliporudi kwa kasi mama alimbeba mgongoni mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu alimwambia, "Leo utakuja mwenyewe," akatangulia. Mtoto alikuja mwenyewe, analia na anaogelea.

Mwenye boti alikuwa Fredrick, mtu wa bara aliyehamia pwani na kuanzisha biashara ya kuvusha wageni kwa boti mbili za mwendo kasi. Alimchukua Mwamvita kwa majaribio, hakujuta. Wageni wengi waliotoka mjini walikuwa hawajawahi kuingiza kichwa majini, hasa wanawake, na wanawake walimwamini mwanamke mwenzao. Picha yake, kidole gumba juu na miwani kipajini, Fredrick aliiweka kwenye bango kubwa kando ya barabara ya kuingilia ufukweni.

Baada ya mwaka Mwamvita alimwombea kazi Mashaka, mtoto wa mama yake mdogo. Walikuwa wamekulia nyumba moja na kula sahani moja. Mashaka alikuwa akiendesha bodaboda ya mtu, mara ina mafuta mara haina, na mkewe alikuwa na mimba. Mwamvita alimfuata Fredrick siku tatu mfululizo. "Mfundishe tu usukani, bosi. Akiharibu, nifukuze mie." Mashaka alifundishwa, akawa nahodha mzuri. Miaka minne dada na kaka walifanya kazi kwenye boti moja, mmoja usukanini na mwingine majini.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi na mbili. Ofisi moja ya mjini ilikodi boti zote mbili kwa sherehe ya kufunga mwaka. Walikuja na fulana za rangi moja, spika ya muziki, na maboksi ya barafu yaliyojaa bia. Mkubwa wao aliitwa Kamugisha, baba wa makamo mwenye kicheko kikubwa. Alimpa kila mtu mkono, hata Mashaka, hata Mwamvita, akamwita "sista". Wafanyakazi wake walicheka kila alipocheka.

Miongoni mwao alikuwemo mhasibu wa kike aliyeitwa Eliaichi. Tangu boti ilipoondoka alikuwa ameshika ubao wa pembeni kwa mikono miwili, macho yamefumbwa. Walipofika kwenye matumbawe upande wa pili wa kisiwa na wenzake wakaanza kushuka majini, yeye alibaki amekaa.

"Dada, mie nitawaangalia tu kutoka hapa."

"Umekuja kote huku kuangalia migongo ya watu?" Mwamvita alimwambia. "Njoo. Jaketi utavaa, na mkono wangu utaushika. Ukisema turudi, tunarudi."

"Hutaniachia?"

"Sikuachii."

Alimfundisha kuuma mrija na kupumua kwa mdomo. Alimshusha taratibu, wakaelea wakiwa wameshikana mikono ndani ya mstari wa maboya, mahali boti haziruhusiwi kupita. Dakika za mwanzo Eliaichi alimbana vidole hadi vikafa ganzi. Kisha mkono ulilegea. Chini yao walipita samaki wa njano wenye mistari, kundi zima, wakageuka pamoja. Eliaichi aliinua kichwa, akatoa mrija, akapiga kelele kama mtoto: "Jamani! Jamani, vyote hivi viko hapa siku zote?"

Kwa Mwamvita hapo ndipo utamu wa kazi ulipokuwa. Alikuwa akiwaambia watu kwamba angeweza kuifanya bure, ingawa hakuna aliyemwamini.

Kwenye boti, bia zilikuwa zimeanza kufanya kazi yake. Kamugisha alimwomba Mashaka amwachie usukani kidogo. Mashaka alikataa mara ya kwanza. Kamugisha alimwekea noti mkononi, akamfunga vidole, akamwambia, "Mzunguko mmoja tu, nahodha. Nina gari tatu nyumbani, nitashindwa na hiki?" Wafanyakazi wake walianza kuimba, "Bosi! Bosi!" na simu zikainuliwa juu kurekodi. Mashaka akasogea pembeni.

Majini, sauti ya injini husikika kabla ya kuonekana kitu. Mwamvita aliisikia ikipanda, akajua si mkono wa Mashaka. Aliinua kichwa akaona pua ya boti imenyanyuka, inakuja, imeshaupita mstari wa maboya. Eliaichi alikuwa ameinama anaangalia samaki wake. Kumzamisha haikuwezekana, jaketi lisingekubali. Mwamvita alijikunja, akamkanyaga kifuani kwa miguu yote miwili, akamsukuma mbali kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Nguvu hiyohiyo ikamrudisha yeye nyuma, kwenye njia ya boti.

Hakusikia maumivu. Alisikia kama amepigwa ubao mguuni. Kisha akaona maji yanayomzunguka yamebadilika rangi.

Mashaka ndiye aliyeruka kumtoa. Alimlaza kwenye sakafu ya boti, akamfunga mguu kwa fulana yake, analia kwa sauti. "Dada'angu, nisamehe. Dada'angu, nimekuua." Muziki ulikuwa bado unalia mpaka mtu mmoja akakumbuka kuuzima. Mashaka alirudi usukanini, wakashika njia ya Kunduchi. Mwamvita, kichwa chake kiko kwenye mapaja ya Eliaichi, naye ameshatolewa majini, alimsikia Kamugisha akisema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyezoea kuongoza vikao:

"Tuelewane kabla hatujafika. Zile video zifutwe. Zote."

Simu zikatolewa, vidole vikaanza kufuta.

Madaktari waliuokoa mguu, lakini mishipa ya nyuma ya kifundo ilikuwa imekatika vibaya. Mguu wa kulia ulibaki unaning'inia kama wa kuazima. Angetembea kwa fimbo, walimwambia. Kuogelea kwa kujifurahisha, labda. Kazi ya kubeba watu majini, asahau.

Wakaguzi wa vyombo vya majini walipokuja kuuliza, walikutana na watu wote kwenye baraza ya ofisi ya Fredrick. Mwamvita alipelekwa kwa bajaji, akawekwa kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alieleza alichokiona. Kisha akaulizwa Mashaka.

Mashaka alisimama. Alikuwa amevaa shati la Ijumaa. Aliangalia sakafu.

"Usukani nilikuwa nao mie. Nilikuwa naenda taratibu. Mwamvita alimtoa mgeni nje ya maboya, akaibuka mbele yangu ghafla. Sikuwa na namna."

"Mashaka," Mwamvita aliita.

Hakugeuka.

"Mashaka, niangalie mie."

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema Mashaka, akakaa.

Wageni nao waliulizwa, mmoja baada ya mwingine. Wengine walikuwa wameangalia upande mwingine. Wengine walikuwa wanakula. Akabaki Eliaichi. Mwamvita alimtazama bila wasiwasi, maana huyu alikuwa ndani ya maji, mkono kwa mkono, na uhai wake ndio uliookolewa. Eliaichi alimwangalia Kamugisha aliyekuwa amekaa karibu na mlango, miguu ameikunja nne. Akasema, "Mimi sikumbuki vizuri. Maji yaliniingia machoni."

Basi ikawa hivyo: wakaguzi waliandika kwamba kosa ni la Mwamvita. Fredrick alikuja nyumbani baadaye, akavua viatu mlangoni, akamwamkia Bi Zubeda shikamoo kwa adabu zote. Alisema gharama za hospitali amezibeba kwa ubinadamu tu. Alisema wateja kama wale ndio wanaoifanya biashara isimame, na wakiondoka, boti zitauzwa na kila mtu atakosa. Alisema Mwamvita apumzike.

"Nipumzike mpaka lini?" Mwamvita aliuliza.

Fredrick alivaa viatu vyake.

Mwamvita alitaka kukata rufaa kwa wakaguzi, aende hata mjini kwa wakubwa wao. Aliyemzuia hakuwa Fredrick. Mama yake alikaa pembeni ya kitanda, akaanza kumkanda mguu kwa mafuta ya nazi.

"Ukishinda, nani atafungwa?"

"Kamugisha."

"Kamugisha hafungwi, mwanangu. Atakayefungwa ni Mashaka, kwa kutoa usukani na kusema uongo. Ana watoto wawili. Mama yake nimemzika kwa mikono yangu, akaniachia huyo. Nitamwambia nini siku ya kiyama?"

"Na mie utaniambia nini leo?"

Bi Zubeda aliendelea kukanda. "Damu ni nzito," alisema mwishowe.

"Yangu ilimwagika baharini, mama. Nyepesi kama maji."

Hakwenda. Alijaribu kujiambia kwamba ni kwa ajili ya mama, na ilikuwa kweli, lakini kulikuwa na jingine. Kuna namna ya kuchoka inayomshika mtu akishaona watu wote aliowashika mkono wameuachia. Alinunua jiko la mkaa, akaanza kukaanga chapati za asubuhi mbele ya nyumba, mguu ameunyoosha kwenye kigoda. Chapati zilikuwa nzuri. Watu walinunua na kumpa pole, na mtu anapopewa pole kila siku huanza kuichukia. Watoto wa mtaa walimpa jina, Mwamvita Boti, na mama zao waliwakataza mbele yake tu. Upepo ukitoka baharini aligeuza kiti.

Mwezi wa tano, gari dogo jeupe lilisimama mbele ya jiko. Akashuka Eliaichi, amebeba mfuko wenye khanga mpya, sukari na mchele.

"Dada Mwamvita. Unanikumbuka?"

"Nimekukumbuka. Mie maji hayakuniingia machoni."

Eliaichi alisimama pale pale, mfuko mkononi. Bi Zubeda alitoka ndani kumkaribisha, akaleta kiti. Mgeni alikaa, akaanza kulia. Alisema hapati usingizi. Alisema kila akioga, maji yakimpita usoni, anasikia ile miguu kifuani mwake. Alikuwa amebaki na alama, akataka kumwonyesha, akafungua kifungo cha juu cha blauzi. Mwamvita aliangalia pembeni.

"Nilimwogopa," Eliaichi alisema. "Nasomesha watoto peke yangu. Angenifukuza siku ileile."

"Bado uko pale?"

"Niko."

"Umepandishwa cheo?"

Eliaichi aliinamisha macho, akakifunga kile kifungo cha blauzi.

"Sasa umekuja kutaka nini, dada?"

"Nataka unisamehe."

Mwamvita aligeuza chapati. "Wale wakaguzi wapo. Ofisi yao iko wazi. Utakwenda kuwaambia ulichokiona?"

Chapati ilianza kuungua pembeni, harufu ikapanda. Eliaichi alifuta macho kwa kiganja. "Dada, nielewe..."

"Nimekuelewa. Nilikuelewa siku ileile. Kama ni kuelewa, mie nimewaelewa wote: wewe una watoto, Mashaka ana watoto, Fredrick ana boti. Mie sina kitu ndiyo maana ikawa rahisi." Aliitoa chapati iliyoungua, akaiweka kando. "Kusamehe ni jambo la Mungu, pengine iko siku nitaweza. Lakini usije tena hapa kuulizia kama siku hiyo imefika. Chukua mfuko wako."

"Nimewaletea nyie."

"Chukua."

Eliaichi aliuchukua. Alipokuwa anageuza gari Bi Zubeda alimgeukia binti yake. "Mgeni unamwondoa hata maji hajanywa? Hukufundishwa hivyo." Mwamvita hakubishana. Kweli hakufundishwa hivyo.

Idi ilipofika, Mashaka alikuja na mkewe na watoto, kanzu imepigwa pasi, kama walivyokuja kila mwaka. Tangu siku ile barazani kwa Fredrick alikuwa akipita njia ya nyuma. Watoto walimkimbilia shangazi yao, akawapa kashata, akamfunga mdogo kifungo cha shingoni. Mashaka alimbusu Bi Zubeda mkono, kisha akaja mpaka kwenye kiti cha dada yake, akanyoosha mkono wake.

"Idi mubarak, dada'angu."

Bi Zubeda alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya biriani, anamwangalia binti yake kwa macho ya kuomba.

Mwamvita alimpa mkono. Alisema, "Idi mubarak." Mashaka aliushikilia mkono ule kwa muda mrefu. Alipouachia, Mwamvita alichukua fimbo yake, akaenda uani polepole, akafungua bomba, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Kisha akarudi ndani, akakaa nao, wakala.