Bi Kibandiko na Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jina alilobatizwa lilikuwa Tamsin Garlick, lakini katika mtaa wetu wa wachapaji, hapa London, aliyemuulizia kwa jina hilo angezunguka hadi achoke. Sisi tulimwita Bi Kibandiko. Jina hilo alilipata kwa siku moja tu, katika vuli ile ambapo mwenyekiti wa chama cha mafundi alishtakiwa kwa uhaini, na wazee wa baraza wakamwachia huru.

Kazi yake ilikuwa kukunja na kushona kurasa katika karakana ya Bwana Lovick. Kesi ilipokwisha, wachapaji watatu walishindana nani ataitoa kwanza kama kitabu. Kwa sababu ya haraka hiyo, maandishi ya karani aliyeisikiliza kesi yalikatwa vipande kwa mkasi, na kila mpanga herufi akapewa chake. Ndivyo kazi hiyo ilivyofanywa miaka yote.

Mkunjaji hatakiwi kusoma. Bi Tamsin alisoma. Tena alikuwa amesimama mahakamani akisikiliza siku mbili nzima hadi miguu ikavimba, kwa hiyo alipofika ukurasa wa arobaini na moja mkono wake ulisita. Hapo Ambrose Tuffnell, fundi viatu wa pale konani, shahidi wa upande wa mwenyekiti, aliulizwa kama aliwahi kumsikia akisema mfalme aondolewe kwa mikuki. Mahakamani alijibu, "Kamwe." Kitabuni alijibu, "Naam, mara mbili." Hilo lilikuwa jibu la Crouch, mpelelezi wa serikali. Kipande kimoja kilikuwa kimewekwa mahali pa kingine, na Crouch alikwisha kuvunjiwa madirisha yote na kuuhama mji.

"Bwana Lovick, kitabu hiki hakitoki."

"Kuna nini tena, Tamsin?"

"Mmemgeuza Ambrose kuwa Crouch. Watu wakiyasoma haya, hatapata hata kiatu kimoja cha kushona."

"Nakala mia sita zimeshachapwa! Jirani anatoa chake kesho asubuhi. Unataka nianze upya?"

"Nani kasema uanze upya? Nipangie majibu yake ya kweli kwenye kikaratasi. Nitabandika juu ya yale ya uongo, kimoja kimoja."

"Mia sita? Peke yako?"

"Kwani mikono hii uliiona ya pambo?"

Kisha akalikalia bunda la kurasa. Mwili Mungu alikuwa amemjalia, na hakuna aliyethubutu kumwinua. Bwana Lovick alinung'unika, akavua koti, akaipanga na kuichapa ile mistari kwa mkono wake mwenyewe.

Adhuhuri Ambrose alitokea mlangoni, aproni ya ngozi ikiwa bado kiunoni. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Bi Tamsin, wameshaanza kuviuza?"

"Hakijatoka hata kimoja. Ingia ukate vikaratasi."

Alikata vikaratasi kwa kisu chake cha viatu, vyote sawasawa. Baada ya muda akanusa bakuli la unga wa ngano uliokorogwa.

"Gundi yako inanuka kama uji wa mke wangu."

"Basi usije ukainywa, bado vitabu mia mbili. Na nitamwambia."

"Usimwambie, mama! Afadhali nirudi kuhojiwa na mawakili."

Hapo ndipo Ambrose alipocheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Kitabu cha mwisho kilifika mezani jua likiwa bado juu ya mapaa. Bi Tamsin alipaka gundi, akalaza kikaratasi, kisha akamsogezea Ambrose. Fundi alikisoma kwa sauti ya chini, "Kamwe," akakikandamiza kwa dole gumba lake jeusi la nta hadi kikashika.

"Haya, kashone viatu," Bi Tamsin akamwambia.

Alikiweka kitabu juu ya vingine, akakwangua ukoko wa gundi kwenye bakuli, akaisuuza brashi mara tatu katika ndoo na kuitundika kwenye msumari wake ikauke.