Kiti Chini ya Feni

Jumatano, tarehe kumi na tisa Februari. Jua kali, upepo wa mchanga kutoka upande wa ziwa, hakuna wingu hata moja.

Nimerudi kutoka Lodwar na kesi yangu imekwisha, ama mimi ndiye nimeimaliza. Sijui. Naandika nione kama nilikosea.

Miaka sita nimeuza vinywaji katika klabu moja hapa Kakuma, hatua mbili kutoka kwenye spika kubwa. Sikio la kushoto lilianza kupiga filimbi, la kulia likafuata. Sasa mtoto wangu hunishika kidevu na kunigeuza uso ndipo nijue anasema nini. Ngamia wakipita nyuma ya nyumba na kengele zao za mbao, mimi naona vumbi tu. Daktari alisema masikio hayatarudi, ila kuna kifaa cha kuvaa. Siwezi kukinunua. Ndiyo maana nilimshtaki bosi kwa afisa wa kazi: akionekana ana kosa, atakinunua yeye.

Leo tuliitwa wote wawili. Asubuhi bosi akasimamisha gari lake mlangoni kwangu.

“Mama, panda. Ama unaogopa nitakuhonga njiani?”

Nikapanda. Redio aliizima bila mimi kumwomba. Hilo pia ni haki niliandike.

Afisa ni mwanamke kijana. Fomu zake ni za Kiingereza, lakini alinisomea kila mstari kwa Kiswahili, polepole, akinitazama usoni. Alisema sheria inamtaka mwenye biashara apime kelele na awape wafanyakazi vitu vya kuziba masikio. Bosi akakubali kwamba hakupima chochote, na pamba alileta mara moja tu. Nikaona mambo yananiendea vizuri. Afisa akauliza nilikuwa nakaa wapi. Nikamchorea kwenye karatasi: spika hapa, mimi hapa.

Ningenyamaza hapo. Hakuna aliyeniuliza zaidi. Lakini nilimwona bosi ameinamisha kichwa, nikajua anakumbuka ninachokumbuka mimi, na hasemi.

Nikasema, “Mahali pale niliomba mwenyewe. Feni ni moja, iko juu ya spika. Yeye alitaka nikae karibu na mlango, mimi nikakataa kwa sababu ya joto.”

Kalamu ya afisa ikasimama. “Mama, niandike hivyo?”

“Andika.”

Bosi akasema neno ambalo sikulisikia. Sikumwuliza.

Afisa alinieleza kwa upole kwamba maneno yangu hayamwondolei bosi kosa lote, lakini wakili wake atayashika hayo hayo asiyaachie. Tena sikupimwa masikio kabla ya kuanza kazi, kwa hiyo wanaweza kusema nilikuja nayo hivyo. Faili ataipeleka mbele. Nisiitegemee, alisema, na alilirudia hilo mara mbili kwa kuwa alidhani sikusikia.

Mtu asiyetujua atashangaa mtu kukubali spika kwa ajili ya feni. Huyo hajasimama chini ya mabati ya Kakuma mwezi wa pili, amevaa aproni. Hata hivyo labda ningevumilia. Wenzangu wa mlangoni walivumilia, na wanasikia.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mama yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasogea karibu na sikio la kulia, lile lenye nafuu.

“Na feni nyingine, nani alikataa kununua?”

Nikakaa chini. Safari nzima, ofisini, kwenye gari, wazo hilo halikunijia. Nimefikiria kurudi kesho nikamwambie afisa, lakini karatasi nimeshaitia sahihi, na sitaki aone kama natunga sasa. Pengine hata hilo si haki kwa bosi. Yeye mwenyewe hukaa nje na kupigwa na joto kama sisi. Sijui tena.

Tulipokuwa tunarudi, sokoni Lodwar bosi alinunua samaki wakavu, akaniwekea wawili mapajani. Sikuwarudisha. Jioni tulikula ugali na hao samaki, mimi na mtoto. Mama alikula ugali wake na chai.