Kabureta Mbili za Mdogo Wangu

Mdogo wangu ni mshonaji. Sare za shule za mtaa huu na za kule juu kilimani, nyingi zimepita mikononi mwake. Mimi ni dada yake mkubwa. Nilikuja hapa kwa msiba wa mume wake na sijaondoka, wala sijamwomba mtu ruhusa ya kukaa. Haya nayaeleza kwa sababu niliyaona mwenyewe, nimekaa kwenye kigoda changu mlangoni pa chumba cha kushonea. Sikusimuliwa.

Tangu utoto yeye ni mtu wa kuchoka kimyakimya. Mama alimkalisha kwenye cherehani kabla miguu haijafika chini vizuri. Akashona mpaka shingo ikazoea kuinama, na ukimuuliza kama amechoka anakwambia, "Bado kidogo." Akaolewa na mtu wa pikipiki. Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa na pikipiki kuukuu ya silinda mbili, nzito kama ng'ombe aliyelala. Kila akiifungua alimwita mkewe amshikie taa na kumpa spana. Kwa pikipiki hiyo alimpelekea mizigo ya sare kilimani miaka yote. Alipoanza kuugua, mdogo wangu akajifunza kuiendesha mwenyewe, mtu mzima na magoti yake mabovu. Watu walicheka. Na mimi nilicheka, mpaka siku nilipomwona anapanda kilima, furushi limefungwa nyuma, gauni amelikunja kiunoni, haangalii mtu. 

Kisha ugonjwa ukazidi. Kumgeuza mgonjwa, kumwosha, kumlisha, kufua mashuka, na katikati ya hayo kushona. Pikipiki ikakaa chini ya turubai zaidi ya mwaka. Petroli ikakauka humo ndani ikawa kama utomvu. Siku tuliyotoka kuzika, mdogo wangu alikaa sakafuni, akaegemea ukuta, akalala na viatu vyake. Hata kulia hakuwa na nguvu.

Ndugu wa mume walipokutana sebuleni kugawa vitu vya marehemu, shemeji, yaani mdogo wake marehemu, akataka pikipiki. Ana bustani ya mboga, alitaka injini yake iendeshe pampu ya maji.

"Shemeji, chuma kilichokufa unakiweka cha nini?" akamwambia mdogo wangu. "Kuku watataga humo."

"Hakijafa. Kimelala."

"Basi kiamshe tukione."

Nikamuuliza kama na kitanda atakitaka, maana nacho kinalia siku hizi. Watu wakainamisha vichwa kuficha kicheko. Lakini wakubwa wakakata shauri: Jumapili ya mwisho wa mwezi shemeji atakuja. Pikipiki ikitoka getini kwa nguvu zake yenyewe, ni ya mjane. Isipotoka, anaibeba.

 Alichowaza mdogo wangu nilikijua. Bila pikipiki, yale mafurushi atayabeba kichwani mpaka juu, na magoti yale hayafiki. Akiacha shule za kilimani, cherehani nayo itabaki pambo.

Fundi wa barabarani alikuja, akaizunguka, akakuna kichwa. Akasema pikipiki za namna hii anazikumbuka kwa baba yake tu, ila akiruhusiwa atang'oa hizo kabureta mbili za kuchanganyia petroli na hewa aweke moja ya kisasa. "Asante, mwanangu," mdogo wangu akamwambia. "Kunywa chai uende."

Akazitoa mwenyewe, akazilaza juu ya meza ya kukatia vitambaa. Akaweka bakuli la bluu kushoto na la njano kulia, kama marehemu alivyofanya, kwa sababu vifaa vya kabureta hii havichanganywi na vya ile. Akafungua vikombe vya chini. Harufu iliyotoka humo, nikavuta kigoda changu nje. Mafuta yalikuwa yameganda rangi ya chai iliyolala, na maboya ya kupimia mafuta yamenasa humo hayapandi wala hayashuki.

Akaosha kila kitu kwa petroli, dirisha wazi, mikono ikamchubuka. Zile skrubu ndogo za shaba zina tundu katikati, jembamba kama unywele, ndimo petroli inamopita. Mafundi wengi huzitoboa kwa waya. Marehemu hakutaka kusikia habari ya waya, alisema unakula tundu. Basi mdogo wangu akachukua uzi wa nailoni, akaulowesha mdomoni, akafumba jicho moja, akaupitisha kama anayetunga sindano. Akainua skrubu dirishani. Mwanga ukaonekana upande wa pili.

"Dada, njoo uone."

"Naona mwanga. Mwanga upo hata nje."

Akacheka kidogo. Mwezi ule sikumbuki kama alicheka tena.

Kazi ile aliifanya siku nyingi, kwa vipande, kati ya sare na sare. Kuna siku alishika bisibisi akasinzia nayo mkononi. Nikamwambia, mwachie shemeji hilo likorokoro, wewe si mtoto. Akasema, "Bado kidogo." Nikakasirika nikaenda kupika.

Jumamosi, kesho yake ndiyo ya shemeji, zikabaki zile raba za juu. Kila kabureta ina raba yake, nyembamba kama kitambaa cha bitana, ya mviringo, na ukingoni ina pindo nene linalokaa ndani ya mfereji kuzuia hewa isivuje. Hiyo raba ndiyo inayoinua kizibo ili petroli ipite ukivuta mafuta. Nazo alikuwa ameziosha kwa petroli pamoja na vingine.

"Dada, hii raba imekua."

"Raba inakuaje? Imekula nini?"

"Imekunywa petroli. Tazama, haiingii."

Kweli, ilikuwa imevimba, imejikunjakunja kama shingo ya shati iliyoshonwa na mwanafunzi. Akiisukuma huku inatokea kule. Alihangaika nayo mpaka jasho likamdondoka mezani. Mwisho akafanya anachokifanya maisha yake yote kitambaa kikizidi: akachukua mkasi. Akazungusha, kra kra kra, safi, pindo likaanguka chini kama uzi wa tambi. Raba ikakaa. Akafunga kifuniko cha kabureta ile ya kulia, ya bakuli la njano.

"Imebaki ya pili," nikamwambia.

"Ya pili kesho. Mgongo umekataa." Akaiacha dirishani, akaenda kujinyoosha.

Asubuhi nilimkuta amesimama palepale dirishani, hajanawa uso. Ameshika ile raba ya pili. Akaiweka kwenye mfereji wake, ikaingia yenyewe, kimya, kama mtoto anayerudi kitandani.

"Imerudi," akasema. "Ilikuwa inataka kukauka tu, dada."

Akafungua ile ya jana. Nayo ilikuwa imekauka, imesinyaa, na sasa ilikuwa fupi. Upande mmoja imechomoka, imeacha pengo la ukucha. Akakaa kitini. Yeye ambaye hajawahi kutoa nguo mlangoni mwake bila pindo, pindo moja lililokuwa na maana ndilo alilolikata. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni. Nikayameza, nikamletea chai.

Alipoimaliza akaniambia, "Ipo ile tyubu ya baiskeli nyuma ya nyumba?"

"Ipo, imeliwa na jua."

"Lete."

Akaikata tyubu duara, nyembamba, kwa kipimo cha jicho. Akaigandisha kwenye ukingo wa ile raba kwa gundi ya viraka, akaibana kwa pini zake za nguo pande zote, akaianika dirishani. Safari hii akangoja. Alikunja mikono akaitazama raba ikikauka, na mimi nikatazama barabara.

Shemeji akafika mchana na pikapu na kamba.

"Shemeji, kamba ya nini?" nikamuuliza. "Umekuja kufunga mbuzi?"

"Dada, leo sina ugomvi na wewe."

"Hujawahi kuuweza."

Mdogo wangu alikuwa anafunga skrubu ya mwisho. Akaisukuma pikipiki uani, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Ikakohoa, ikanyamaza. Shemeji akaanza kukunjua kamba, taratibu, kwa adabu. Mdogo wangu akapumzisha goti, akaliinamia tanki kama anayesikiliza, akapiga tena kwa uzito wake wote.

Ikawaka. Ilitoa moshi mweusi, ikayumbisha sauti, upande mmoja ukavuta na mwingine ukafuata kwa uvivu, lakini iliunguruma. Akapanda, akatoka getini, akaenda hadi kona, akageuza, akarudi.

Shemeji alisimama na kamba mkononi, kichwa amekiinamisha upande. "Hivyo ndivyo alivyokuwa akirudi nyumbani," akasema mwishoni. "Tulikuwa tunamsikia tangu kona." Akaikunja kamba yake. Chai yangu akaikataa, akaondoka. Siku hiyo sikumpenda, ila sikumchukia.

Mdogo wangu akazima injini, akaketi kwenye ngazi. Nilimngoja afurahi. Akavua viatu.

Wiki iliyofuata akafunga furushi la sare, akaenda. Katikati ya kilima gundi ikaachia. Pikipiki ikamfia palepale, kwenye mwinuko mbaya kuliko yote. Akashusha furushi akalipeleka juu kichwani, akarudi, akaisukuma pikipiki hadi nyumbani. Nilimwona anaingia getini, vumbi mpaka kwenye kope.

"Sasa umwite shemeji aje aichukue," nikasema. "Atakuja hata leo."

Akaiegemeza ukutani. Akafuta kiti cha pikipiki kwa kiganja kwanza, halafu uso wake.

"Ni yangu," akasema. "Niletee bakuli, dada. Lile la njano."

Nikanyanyuka, magoti yangu nayo si mazima. Nikamletea yote mawili.