Mama Printa na Kipande cha Kujaribia

Ukitaka kumchokoza Mama Printa, mwite mtu wa masjala. Atakujibu vizuri, maana ana adabu zake, lakini siku hiyo kompyuta yako ikigoma utamsubiri mpaka uote mizizi.

Hata hivyo huwezi kulaumiwa, kwa sababu ndivyo koti lake lilivyosema. Pale hospitalini kila kitengo kina koti lake, na jina la kitengo hutariziwa kwenye mfuko wa kifuani. Wa maabara wana lao, wa chumba cha dawa wana lao, na lake liliandikwa MASJALA kwa uzi mwekundu tangu siku alipoajiriwa kupanga mafaili ya wagonjwa. Mafaili aliyapanga kweli. Ila siku moja printa ilikwama, na fundi aliyepigiwa simu alikuwa "njiani" asubuhi, mchana na jioni, mpaka mama wa watu akachoka akaifungua mwenyewe. Ikapona. Tangu hapo akaitwa maabara, akaitwa wodini, akaitwa uhasibu, na kabla hajajua kinachoendelea alikuwa ndiye anayeingia chini ya meza na tochi mdomoni kufuatilia waya ulikoelekea. Jina la Mama Printa likamganda. Koti halikubadilika.

Hakuwa mtu wa makuu. Alitaka tu kazi anayoifanya iandikwe kifuani mwake, basi.

Nafasi ilipatikana mwaka ambao hospitali iliamua kuwa na fundi mtandao wake wa kudumu. Mganga mkuu, mama mmoja asiyezungukazunguka katika maneno, alimwita ofisini.

"Kazi hii unaiweza, hilo halina ubishi," alimwambia. "Lakini bodi inataka mwenye cheti. Kafanye mtihani. Ukifaulu, nafasi ni yako."

Akaenda akafanya. Akaanguka puu.

Nisimsikie mtu akisema alikuwa mvivu! Tatizo halikuwa uvivu, tatizo lilikuwa wingi wa wema. Habari za mtihani zilipoenea, kila mwenye kitu alileta. Shemeji yake alimletea kitabu kinene kilichokuwa kikishikilia kabati lenye mguu mbovu. Mpwa wake alimjazia simu video za mwalimu mmoja mcheshi. Jamaa wa ofisi ya jirani, ambaye watu humwita Mkato kwa kupenda kwake njia fupi, alimpenyezea kwa siri rundo la maswali yaliyovuja pamoja na majibu yake. Yeye mwenyewe alinunua kitabu cha mtumba chenye jalada baya la rangi ya matope, kisha akakisahau chini ya vingine. Akawa anasoma huku kidogo, kule kidogo, kama mtu anayeonja vyungu vyote harusini. Siku ya mtihani kila kitu alikuwa amewahi kukisikia, na hakuna hata kimoja alichokuwa na uhakika nacho.

Mganga mkuu alimtetea kwenye bodi. Walikubali kusubiri mtihani mmoja zaidi. "Ukikosa huo, tutatangaza nafasi," alimwambia bila kuficha. "Na fundi atakayekuja hatataka mtu wa kumshikia bisibisi. Utarudi kwenye mafaili yako."

Mama Printa aliumia. Alifika nyumbani, akaketi mbele ya lile rundo lake, na unajua alifanya nini? Alifungua simu kutafuta kitabu kingine.

Mumewe ni fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho karakana yake. Ni mtu wa maneno machache, lakini yakitoka yamepimwa kwa futi. Alisimamisha mguu kwenye pedali.

"Mama, unaongeza nini tena?"

"Natafuta kizuri zaidi."

"Utakijuaje?"

Mume akavuta lile kopo lake la vipande, kopo la bati la maziwa ya unga ambalo hakuna anayeruhusiwa kuligusa, akachomoa kipande cha kitambaa. Huyu bwana hashoni nguo ya mteja kabla hajajaribu sindano na uzi kwenye kipande. Hata ungekuwa na haraka ya kuwahi ndege, atajaribu kwanza.

"Unaona hiki? Nakijua. Nimeshakishona mara nyingi, najua kinavyovuta na kinavyokubali. Mshono ukienda ovyo hapa, najua ni sindano mbovu. Ningejaribia kitambaa nisichokijua, ningebaki nalaumu hewa. Sasa wewe, katika haya madude yako ya mtandao, kipi unakijua hivyo?"

Mke hakufikiri hata kidogo. "Printa ya chumba cha dawa," alisema.

Ile printa ilimtesa, acheni. Kila asubuhi ilikuwa inapotea kwenye mtandao. Lebo za dawa hazitoki, foleni inafika getini, wagonjwa wanang'aka, na ikifika alasiri inarudi yenyewe kama haikutokea kitu. Walibadilisha printa, walibadilisha waya, wapi! Mama Printa ndiye aliyegundua, nyuma ya friji ya chanjo, ruta ndogo ya kusambazia intaneti aliyoileta mfamasia kutoka kwake ili aangalie mpira wakati wa mapumziko. Kila kifaa kwenye mtandao lazima kipewe anwani yake peke yake, na mashine kubwa ya hospitali ndiyo inayogawa. Ile ruta ya mpira nayo ilikuwa inagawa, bila kumuuliza mtu. Asubuhi wote walipowasha kompyuta, anwani ya printa ilikuwa imekwisha kupewa mwingine, mpaka huyo mwingine azime alasiri. Jambo hili alilijua hata umwamshe usingizini.

"Haya," mume alisema akirudi kwenye cherehani. "Chukua kimoja kimoja. Nenda moja kwa moja panapozungumzia hilo, usome, unieleze. Nisipoelewa, tunaweka kando."

Vyote vilikuwa vya Kiingereza, na mume hakisomi, kwa hiyo ilibidi mke asome kisha aeleze kwa lugha ya nyumbani. Jaribu siku moja uone. Kiingereza kinaweza kukusitiri ukajiona umeelewa, lakini ukitakiwa kumweleza mume anayepindisha suruali, unavuliwa nguo mchana kweupe.

Walianza na kitabu cha shemeji, kwa heshima. Kilikuwa sahihi, ila kilianza na aliyebuni mfumo wa anwani, kikapita kwa aliyembishia, kikaenda kwenye kamati iliyowasuluhisha. Mume alimaliza mguu mmoja wa suruali, akaanza wa pili.

"Printa imeshaonekana?"

"Bado. Wako mkutanoni."

"Mrudishie kaka yangu, kabati linayumba."

Zikaja video. Mwalimu alikuwa mchangamfu kweli, mume alicheka mpaka akashusha miwani. Zilipokwisha, mke akamwambia, haya nieleze wewe. Mume alieleza habari yote ya paka aliyelala juu ya kompyuta ya mwalimu. Ya anwani hakukumbuka hata moja, na mke akijichunguza, naye alikuwa amemkumbuka paka tu.

Kisha ikaja zamu ya maswali ya Mkato. Hapa mke alisita, niseme kweli. Masharti ya mtihani yalikataza vitu vya namna hiyo, na hilo alilijua. Lakini Mkato alikuwa na cheti ukutani, tena kwenye fremu ya kung'aa. Safari iliyopita alikariri sehemu yake, na moyo ulikuwa ukimwambia kosa lake ni kutokukariri yote. Alitafuta swali la kifaa kinachopotea kwenye mtandao kila asubuhi. Lilikuwepo. Jibu lilikuwa herufi C, badilisha kifaa.

"C kwa nini?" mume aliuliza.

"Haijasemwa."

"Na ninyi si mlibadilisha?"

"Tulibadilisha. Haikusaidia kitu."

Wakatazamana. Kitu alichokuwa amekificha kwenye droo kama dhahabu kilikuwa kinamdanganya, tena katika jambo ambalo alilitatua kwa mikono yake mwenyewe akiwa amelala kifudifudi nyuma ya friji. Alipandwa na hasira, kisha akaanza kucheka. Ile hofu kwamba bila rundo la Mkato hatafika popote ilimtoka palepale. Karatasi zile mume alizifanyia kazi ya maana, akachorea ruwaza za kola.

Kikabaki cha jalada la matope. Mke alikifungua bila matumaini. Hakikuwa na picha hata ya kusingizia, lakini mwandishi alianza hivi: kabla hujagusa printa, zunguka jengo zima, uulize kwa upole nani ameleta nini kutoka nyumbani. Mama Printa alipiga meza kwa kofi mpaka pini zikaruka.

"Huyu ameshawahi kulala chini ya meza!" alipiga kelele. "Huyu magoti yake yamechafuka!"

Alisoma, akaeleza. Mume alisimamisha cherehani.

"Ngoja. Kwa hiyo ni kama wateja wangu wanapewa namba za foleni na mimi, na huko mlangoni kuna mtu mwingine naye anawagawia namba?"

"Hivyohivyo!"

"Halafu wanakuja wawili, kila mmoja anasema yeye ndiye wa kwanza."

"Fundi, umeelewa kuliko mfamasia."

Basi, wakachagua. Kitabu kimoja tu, pamoja na programu ya bure ya kuchora mitandao kwenye kompyuta, ambayo kitabu chenyewe kiliielekeza. Kwanza walihakikisha mada zake zinalingana na zile za mtihani wa sasa. Vingine vyote viliondoka mezani, na mke alikiri baadaye kwamba kuviona vikiondoka kulimpa amani kuliko siku zote alizokuwa akivikusanya. Kila alipotoka kazini aliketi kwenye kigoda pembeni ya cherehani. Alisoma, alieleza, na mume akafanya kazi aliyozaliwa nayo, ya kusema "Sijaelewa, rudia hapo." Kuna siku alimchosha mpaka akamwambia ataolewa na mwalimu wa video. Lakini alirudia. Na kila aliporudia aliona penye tundu, akaliziba.

Siku ya mtihani ikafika. Chumba kilikuwa baridi, kompyuta zimetenganishwa kwa mbao, na msimamizi akipita kwa viatu visivyotoa sauti. Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Kisha likaja moja lililomfunga miguu. Lilionyesha mchoro wa ofisi ambayo hajawahi kuiona, vifaa ambavyo hospitali haina, na nusu ya watu hawapati mtandao. Akayaona mafaili. Akaliona koti.

"Sijaelewa," alinong'ona kwa sauti nzito ya mumewe. "Rudia hapo."

Msimamizi aligeuka. Mama Printa alitabasamu kwa adabu, akarudi kwenye mchoro, akajieleza kimyakimya kama aliye kwenye kigoda: huyu anaongea na huyu, huyu anapitia hapa, hapa je? Hapa kuna mlango umefungwa. Akaufungua. Ofisi nzima ya kwenye mchoro ikapata mtandao, naye akaendelea na linalofuata.

Matokeo hutoka palepale kwenye skrini. Aliyasoma, hakuyaamini, akamwita msimamizi amsomee.

"Mama, umefaulu. Tena vizuri sana."

Alifurahi, jamani. Alicheka mle ndani mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini, na mlinzi naye akacheka bila kujua sababu. Alimkumbatia msimamizi, akamkumbatia mlinzi, akatoka nje akasahau mkoba. Mganga mkuu alipopigiwa simu hakuzungukazunguka: "Jumatatu uanze. Na uje na koti lenye jina lako la kazi."

Nyumbani alimkuta mume ameinamia pasi. Alivua koti, akaliweka juu ya cherehani.

"Fundi, nina kazi ya haraka."

"Foleni ndefu, mama."

"Fumua MASJALA."

Mume aliangalia koti, akamwangalia mkewe, akaiacha pasi. Walikumbatiana, futi ya kupimia ikiwa imewazunguka shingoni wote wawili, na ilibidi waruke kuiwahi suruali ya mteja iliyoanza kunuka moshi. Kufumua, mke alikataa kusaidiwa. Alishika kiwembe akazing'oa herufi moja baada ya nyingine, nyuzi nyekundu zikaanguka mapajani, na kila moja ilimpa raha yake.

Mume akavuta kopo la vipande. Alilimimina lote mezani, akapekua mpaka chini kabisa, akampa mkewe kipande cheupe. Kilikuwa kimetariziwa kwa uzi wa buluu: FUNDI MTANDAO.

"Hiki umekishona saa ngapi?"

"Zamani. Ile siku uliyokwenda kwenye mtihani wa kwanza. Nilikuwa najaribia herufi."

"Si nilifeli siku ile?"

"Ulifeli. Ndiyo maana kilikaa chini ya kopo. Kutupa sikukitupa."

Mama Printa alikishika kwa mikono miwili na machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. Mume alitaka kukichukua. Alisema hicho kilikuwa cha kujaribia tu, herufi zimepinda, angemtarizia kingine safi usiku uleule.

"Kishone hikihiki."

"Mke wangu, watu watasema mumeo ni fundi wa namna gani."

"Waache waseme. Kishone."

Jumatatu, wa kwanza kumwita alikuwa karani mpya wa masjala, printa imemkwamia na mafaili yamemzidi. "Samahani, wewe ndiye Mama Printa?" aliuliza. Mama Printa alisimama mbele yake akampa nafasi asome mfuko wa kifuani, herufi kwa herufi, mpaka ile ya mwisho iliyopinda. Ndipo akaweka tochi mdomoni, akaingia chini ya meza.