Dereva wa Zahanati Anayeushika Mteremko Kutoka Juu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Athanasi Byarugaba anasimamisha gari jeupe la zahanati mahali ambapo hakuna abiria wa kupakia wala wa kushusha. Kando ya barabara kuna jiwe kubwa lililopakwa chokaa, basi.

Hapa ni kichwani mwa mteremko wa Rwenkende, kata ya Mabira, wilayani Karagwe. Kuanzia kwenye jiwe hilo barabara ya changarawe inainama kilomita nne mfululizo, ikiwa na kona saba, hadi bondeni kunakoanza njia ya kwenda hospitali. Ni Aprili 1992, masika yamechachamaa, na udongo mwekundu unateleza kama ganda la ndizi.

Nyuma ya gari, juu ya godoro, amelala Kemilembe, mwenye umri wa miaka 22. Ameshikwa na uchungu tangu jana mchana na mtoto hatoki. Muuguzi mkunga Adelgunda amepiga magoti ubavuni pake. Mwandishi wa makala haya amepewa nafasi jirani na mlango wa nyuma, kwa sharti moja, atazame nje.

Mbele, pembeni mwa dereva, ameketi Bi. Kokwijuka, mama mkwe wa Kemilembe. Amekishika kiti kwa mikono miwili na macho yake hayatoki kwenye mkono wa Athanasi.

"Mbona umesimama? Mtoto wa watu anaumia!"

"Nafupisha hatua kwanza, mama."

Athanasi anavuta kigingi cha gia kutoka D, anakipitisha kwenye 2, anakifikisha kwenye L, gia ya chini kabisa. Anaondoa mguu kwenye breki. Injini inanguruma kwa sauti nzito na gari linaanza kuteremka taratibu, kwa mwendo wa mtu aliyewahi ibadani.

Bi. Kokwijuka ana sababu za kutomwamini. Miezi mitano iliyopita gari hilihili, likiendeshwa na dereva huyuhuyu, liliingia shambani kwake bila hodi.

Athanasi ana miaka 47, mke na watoto sita. Alijifunza udereva kwenye malori ya ushirika, akibeba kahawa. Baada ya vita vya 1978 na 1979 dizeli ilikuwa adimu, na dereva aliyesifiwa ni yule aliyerudi na mafuta kwenye tangi. Wakabuni ujanja. Kila walipofika kwenye mteremko, walilitoa gari gia na kuliacha lijiporomokee lenyewe. Waliuita kushuka frii.

"Kutoka Nyaishozi hadi hapa nilikuwa na miteremko yangu kumi na moja ya bure," anasema. "Tulijiona wajanja kweli. Bosi alikuwa ananipa mkono mbele ya wenzangu."

Mwaka 1991 marafiki wa usharika kutoka Ujerumani walileta gari kwa ajili ya zahanati. Halikuwa na klachi. Watoto walilichungulia miguuni, wakahesabu pedali mbili, wakaenda kutangaza kwamba wazungu wameleta gari bovu. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kijerumani, na Kijerumani cha Mabira yote kiliishia kwenye kumshukuru mgeni.

Aliyelileta alimpa Athanasi somo la dakika kumi. Weka D, mengine litafanya lenyewe. Hizi 2 na L ni za taabu, kama matope. N haina gia, ni ya gari lililosimama, usiiguse ukiwa mwendoni.

Athanasi aliitikia kila neno. Moyoni, anakiri sasa, alikuwa anasema: huyu hajawahi kupanga foleni ya dizeli. Zahanati ilipewa lita arobaini kwa wiki. Wiki ya pili tu, alipofika Rwenkende, mkono ulijipeleka wenyewe kwenye N.

Alishuka hivyo kwa miezi miwili bila kudhurika. Akarudisha mafuta, akasifiwa.

Siku ya tukio, Novemba, alikuwa na Adelgunda na makasha mazito ya dawa. Gari lilikwenda kwa uzito wake, hakuna kilichokuwa kikilizuia isipokuwa breki, na Athanasi alizikanyaga kuanzia kona ya kwanza. Kona ya tatu alisikia harufu kama ya nguo iliyoungua kwa pasi. Kona ya nne moshi ulitoka magurudumuni. Kona ya tano pedali ilizama hadi sakafuni, laini, kama anakanyaga sifongo.

Gari lilichagua kwenda mbele badala ya kukata kona. Liliangusha migomba kumi na tisa ya Bi. Kokwijuka, likasimama hatua sita kutoka mlangoni kwake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa aliyevunjika alikuwa mtu mwingine, tena mkono. Adelgunda alikaa na plasta wiki sita.

"Sikumtukana," anasema muuguzi huyo. "Nilikuwa na maumivu mengi, matusi yangepata nafasi wapi? Lakini nilimwuliza, Athanasi, mafuta uliyookoa leo ni kiasi gani?"

Kamati ya zahanati haikumfukuza. Ilifanya jambo zito zaidi, iliwaachia watu waamue. Gari litatengenezwa, walisema, na kama hadi mwisho wa Mei wagonjwa hawalipandi, litapelekwa kituo kingine chenye dereva mwingine. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa ameona moshi, hakuna aliyetaka kulipanda.

Athanasi alikwenda kuomba radhi. Alibeba kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi, na jembe. Kwa Jumamosi tatu alipanda machipukizi ya migomba mahali pa ile iliyoangushwa. Bi. Kokwijuka alipokea pombe, akaitikia shikamoo zote, akampa maji ya kunawa na hata kiti.

Hakumpa kahawa.

Asiyekulia Karagwe anaweza kuliona jambo hili dogo. Katika nyumba za Wanyambo mgeni hutolewa kikapu kidogo chenye buni zilizochemshwa na kukaushwa, achukue mbili tatu atafune. Ukipewa, umekaribishwa. Ukikaa kutwa nzima na kikapu kikabaki kwenye msumari wake, umekwishaambiwa.

"Jumamosi ya tatu nilikitazama kile kikapu mpaka nikaona haya," anasema Athanasi. "Nikachukua jembe langu nikaenda."

Gari lilipokuwa likisubiri spea kutoka Mwanza, wagonjwa walirudi kwenye engozi, machela ya kusukwa inayobebwa kwa miti mabegani. Kutoka zahanati hadi hospitali ni saa nne kwa miguu, na wanaume kumi na wanne hupokezana. Kiongozi wao ni Celestin, mkulima aliyeletwa na wazazi wake kutoka Rwanda akiwa mdogo. Kwa miaka ishirini na tatu hajawahi kumwangusha mgonjwa. Athanasi, dereva asiye na gari, aliomba zamu.

Zamu yake ya kwanza aliwekwa mbele kushoto, kwenye Rwenkende. Alikwenda kama alivyozoea, miguu ikifuata mteremko. Hatua thelathini tu, uzito ukaanza kumsukuma mgongoni, akawa anakimbia bila kupenda. Celestin alipiga kelele na wote wakasimama.

"Nilimwambia, wewe unasubiri mteremko ukukimbize ndipo uupigie magoti," anasimulia Celestin, akicheka hadi mabega yanatikisika. "Mteremko unaukamata juu, bado umesimama. Pale juu kabisa unafupisha hatua. Hatua fupi, goti limekunjwa, unashuka hivyohivyo mpaka chini. Mguu ndio unaobeba. Mkono unashika mti tu. Ukianza kufupisha katikati umechelewa, ndugu yangu, utatutupa wote."

Athanasi anasema alibaki amesimama na mti wa engozi begani, wenzake wakidhani amechoka. Alikuwa anawaza 2 na L.

"Nikaona kumbe lile gari nimeliondoa miguu. N ni kulikata miguu, likabaki linajishikilia kwa mkono, na mkono ndiyo breki. Hata D haitoshi. Ukiliachia D kwenye mteremko, linaona tunakwenda vizuri, linajiwekea gia kubwa. Halijui kwamba mbele kuna kona. Halina macho. Mwenye macho ni mimi, kwa hiyo ni mimi wa kuliambia fupisha hatua."

Gari lilipopona, mwishoni mwa Januari, alipakia mawe badala ya watu. Adelgunda anasema alimhesabia safari ishirini na mbili. Mara ya kwanza alivuta L akiwa tayari kwenye mwendo, injini ikalia kwa ukali na matairi ya nyuma yakateleza. Hapo ndipo alipolipaka jiwe chokaa, kusudi asisahau. Gari linasimama, gia inashuka, ndipo safari inaanza. Breki inaguswa mara moja kabla ya kona na kuachiwa, ipate kupoa.

Alijifunza na kupanda. Likiachiwa D kwenye mlima huhangaika, linaweka gia hii, linaitoa, linaweka ile, hadi injini inachemka. Akilishika kwenye 2 linapanda bila manung'uniko. Kwenye matope huanzia 2 pia, ili magurudumu yasizunguke bure. Dizeli ya kushukia kwa L, anasema, haijaongezeka kwa kiasi cha kumfanya mtu akose usingizi.

Safari ya ishirini na tatu Adelgunda alipanda mbele bila kuombwa, mkono wake ukiwa bado mwembamba kwa sababu ya plasta.

Lakini muuguzi mmoja si kijiji. Kuanzia Februari hadi wiki hii wamepanda wagonjwa watatu, wawili wakiwa wapita njia wasiojua habari. Mei inakaribia. Athanasi huosha gari kila asubuhi na kulifunika.

Jana jioni Bi. Kokwijuka alimpandisha mkwewe zahanati kwa engozi. Alfajiri Adelgunda alisema mtoto amelala vibaya, lazima hospitali. Bibi akaagiza wabebaji. Celestin alifika na watu wake kumi na watatu, akamtazama Kemilembe, akaweka mti chini.

"Kwa huyu saa nne ni nyingi, mama. Mpandishe kwenye gari."

"Gari la yule? Waitu, jamani, wewe Celestin hukuliona shamba langu?"

"Nililiona. Na kushuka nimemfundisha mimi. Kama hujamwamini yeye, niamini mimi."

Ndiyo maana asubuhi hii Bi. Kokwijuka ameshika kiti kwa mikono miwili.

Kona ya kwanza inapita, ya pili, ya tatu. Adelgunda anamhimiza Kemilembe apumue. Kona ya nne, Bi. Kokwijuka ananusa hewa waziwazi. Hakuna harufu yoyote. Mguu wa kulia wa Athanasi umepumzika sakafuni.

Kona ya tano migomba michanga inaonekana upande wa kushoto, safu fupi kuliko nyingine. Gari linapoikata kona, katikati ya barabara kuna mtu ameanguka na baiskeli yake. Mikungu minne ya ndizi imemlalia mguu na hawezi kuinuka. Upande mmoja ni korongo, upande wa pili ni nyumba ya Bi. Kokwijuka.

"Yesu wangu!" anapaza sauti bibi.

Athanasi anakanyaga breki mara moja. Breki ni baridi, na mwendo ulikuwa mdogo tangu juu. Gari linateleza kidogo, linashika, linasimama. Kutoka kwenye bampa hadi kwenye mkungu wa kwanza ni kama urefu wa jembe na mpini wake.

Athanasi anashuka, anamwinua mtu, anasogeza mikungu, anarudi kwenye usukani. Anaangalia kama kigingi bado kipo kwenye L. Kipo. Wanaendelea.

Bi. Kokwijuka ameachia kiti kwa mkono mmoja.

Wanafika hospitali baada ya dakika hamsini na tano. Kemilembe anaingizwa chumba cha upasuaji. Athanasi anaifungua boneti bila sababu, anaifunga, anaifungua tena. Saa tatu kasoro robo Adelgunda anatoka na kusema mtoto ni wa kike, na mama ni mzima. Dereva anakaa chini palepale penye nyasi zenye umande.

Baadaye kidogo Bi. Kokwijuka anatoka. Anafungua fundo la kanga yake, ambamo alikuwa amefunga buni za kutafuna njiani. Zimebaki chache.

"Chukua," anasema.

Athanasi anapiga goti kidogo, kama inavyostahili kupokea kitu cha mkubwa, na kuchukua mbili. Anatafuna moja. Ya pili anaitia mfuko wa shati na kuufunga kifungo.

"Usidhani nimesahau migomba yangu," anasema bibi.

"Hapana, mama."

Safari ya kurudi ni ya kupanda. Athanasi ameshika 2, na gari linapanda Rwenkende kwa sauti moja isiyobadilika. Kwenye kona ya sita kichwa cha Bi. Kokwijuka kinaanguka begani kwake mwenyewe. Amelala, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea mapajani.

Mwandishi anamuuliza Athanasi, kwa kunong'ona, ana matumaini gani sasa mwezi Mei unapokaribia. Anasema anataka kuiomba kamati iweke kibao cha kweli pale kwenye jiwe la chokaa, ili hata madereva wa malori wajue pa kushushia gia. Anataka pia kumpa Celestin kiti cha mbele siku moja, ashuke bila mzigo.

Kisha anamtazama mama aliyelala, anatabasamu, anatikisa kichwa.

"Huku ni kupanda, na kupanda hakuhesabiwi," anasema. "Jumamosi tunashuka tena, anampelekea mzazi uji. Akinisinzilia kwenye kushuka, hapo nitajua nimesamehewa."